Gemu za kurusha mikono mbele ya TV kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: ni tiba au ni mchezo tu?

MamaIma_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Humu nimekuwa msomaji tu, leo imebidi niandike.

Nina kijana wangu wa miaka saba, ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, akalazwa chumba cha watoto wachanga, baadaye tukaambiwa upande wa kulia umeathirika. Anatembea, shule anaenda, na kuongea anaongea mpaka majirani wanamjua. Shida ni mkono wa kulia. Ameukunja kifuani, kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi, kila kitu anafanya kwa kushoto. Na mguu wa kulia anakanyagia vidole, kisigino hakigusi chini.

Mazoezi tunapelekana, ila kwa nauli, foleni na genge langu lisilo na wa kulishika, kuna mwezi unapita bila kwenda. Nyumbani nimeonyeshwa cha kufanya. Nikisema tu "Ima njoo tunyooshe mkono" anaingia uvunguni mwa kitanda. Kumtoa huko ni vita.

Sasa mtaalamu mmoja pale tunapokwenda aliniambia nchi za wenzetu watoto hawa wanafanyishwa mazoezi kwa gemu, zile za kurusha mikono na kuyumba, si za kukaa na kubonyeza. Kuna kaka anauza vitu vya mtumba hapa mtaani ana mashine ya Wii, anasema ataniachia kwa bei ya ujirani. Kabla sijatoa hela nataka kujua: inasaidia kweli? Kuna mzazi ameshajaribu? Ima pia ana kifafa, anatumia dawa, muda mrefu sasa hajaanguka.

Naombeni ushauri. Wa kejeli wapite tu, leo sina nguvu.

Kibonde255

Nimekaa mkao wa kula, waje wajuvi.

MzeeWaKibaha

Gemu ndizo zinazoharibu watoto wa siku hizi, sasa mnataka kuziita dawa! Mtoto huyo akandwe kwa maji ya moto na mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Zamani walikandwa na walitembea.

FizioMoshi

Shikamoo mzee. Kukandwa hakuna ubaya, mtoto anapata raha na mama anapata muda naye. Ila mkono haujifunzi kushika kikombe kwa kukandwa, maana anayefanya kazi hapo ni mama. Mtoto amelala tu.

Mama Ima, pole na hongera. Nafanya kazi ya fiziotherapia na watoto wengi ninaowaona ni wa aina ya Ima. Mtindio wa ubongo ni jeraha lililotokea ubongo ukiwa bado mchanga: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano iliyoachwa ikapanda, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Mwili ndio unaokua, misuli iliyokaza inashindwa kwenda na mifupa, na kiungo kisichotumika mtoto anakisahau. Kinachoweza kubadilisha hilo ni mtoto mwenyewe kurudia jambo mara nyingi sana, akilitaka, na akiona hapo hapo kama amepata au amekosa.

Hapo ndipo gemu inaingia. Nikimwambia mtoto inua mkono, atainua mara chache halafu ananiuliza tunamaliza saa ngapi. Akipigana ngumi na katuni kwenye TV, anarusha mkono mpaka jasho linamtoka, na akikosa anajua amekosa bila mimi kusema neno.

Si jambo la jana. Wii ilitoka mwishoni mwa 2006, na 2008 jarida la wataalamu wa fiziotherapia la Marekani likachapisha taarifa ya kijana wa miaka 13 aliyeathirika miguu yote miwili, akitembea kwa magongo. Alichezeshwa tenisi, ngumi, gofu na ile ya kuviringisha tufe kwa vipindi 11, mara amekaa, mara amesimama. Alipopimwa, mwili ulikuwa unajishikilia vizuri zaidi na umbali wa kutembea kwa magongo uliongezeka. Ni mtoto mmoja, huwezi kumtolea sheria ya watoto wote. Lakini kuanzia hapo vituo vingi vikaanza kujaribu.

Kwa hiyo jibu langu fupi: inasaidia, kwa mtoto sahihi, kwa lengo linaloeleweka, na mtu mzima akiwa pembeni anaangalia mkono badala ya kuangalia TV. Hilo la mwisho ndilo watu wanaliruka.

BabaNjeri_Kayole

Hilo la mwisho ndilo limenileta. Niko Nairobi, msichana wangu ana miaka tisa, kwake ni upande wa kushoto. Kituo tunachoenda kilikuwa na Kinect, ile kamera inakaa chini ya TV na inakuona bila kushika kitu. Aliipenda vibaya sana. Siku za clinic alikuwa anaamka kabla yangu.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mchezo wa kupasua viputo. Viputo vikija upande wa kushoto, mtoto wangu anazungusha kiuno chote na kuvipasua na mkono wa kulia. Pointi zinapanda, kila mtu kwa chumba anapiga makofi, na mkono wa kushoto umekunjwa tu pale kifuani. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma naona. Mashine haijui ni mkono gani unaumwa. Inajua kiputo kimepasuka.

Siku iliyofuata yule therapist wetu alimsimamisha karibu na ukuta, bega la kulia likigusa ukuta, na mkono wa kulia akampa mwanasesere wake ashike asimwangushe. Sasa hakuna njia nyingine, lazima mkono wa kushoto utoke. Pointi zilishuka hadi akalia. Lakini ndiyo siku ya kwanza niliona kiwiko kimefunguka bila mtu kukivuta.

FizioMoshi

Baba Njeri umeeleza vizuri kuliko kitabu. Kwenye Wii ni hivyo hivyo: ile rimoti inahisi mtikisiko tu. Tenisi ya Wii mtoto anaweza kuwashinda wote akiwa amelala kwenye kochi, kwa kutingisha kifundo cha mkono. Watoto ni wajanja, wanatafuta njia nyepesi ya ushindi na wanaipata haraka kuliko sisi.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine jiulize: hapa mtoto anaweza kushinda kwa kufanya nini? Kama anaweza kushinda bila ule mwendo unaoutaka, basi atashinda bila huo mwendo. Badilisha mchezo, au badilisha anaposimama, au badilisha anachoshika.

TibaKwaVitendo_Dom

Nichangie upande wa utafiti, maana watu hudhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Kuna kazi mbili za Cape Town, zote zilitoka 2013.

Ya kwanza ilichukua watoto 14 walioathirika upande mmoja, kama Ima na Njeri, wakachezeshwa Wii Fit. Hiyo ina ubao unaokanyaga, ndani una vihisio vinne, unaona kwenye TV uzito wako umeegemea wapi. Usawa wa kusimama ulipanda, na zaidi ya nusu ya watoto walisema wanaipenda kuliko mazoezi ya kawaida. Lakini walipopimwa kukimbia na kupanda na kushuka ngazi, hakikubadilika kitu cha maana. Walichofanyia mazoezi ndicho walichopata. Watafiti wenyewe wakashauri isichukue nafasi ya mazoezi ya kawaida.

Ya pili haikuwa ya mtindio wa ubongo. Ilikuwa ya watoto wa miaka 6 hadi 10 ambao mwili haupangiki vizuri: wanajikwaa, hawadaki mpira, kufunga kamba za viatu ni mtihani. Watoto wa aina hii wako wengi shuleni na walimu wanawaita wavivu. Ilifanyika kwenye shule za eneo la watu wa kipato cha chini. Kundi moja Wii Fit, kundi jingine mafunzo ya vitendo yasiyo na mashine: kuruka, kurusha, kudaka, kazi ile ile inapangwa upya mtoto akishindwa. Wasio na mashine ndio waliopata zaidi, kwenye mwendo, kwenye nguvu, hata kwenye pumzi.

Sisemi gemu ni upuuzi. Nasema mzazi asiye na hela ya mashine asilale akidhani mtoto wake amekosa tiba.

Kibonde255

Duh. Kwa hiyo rede na kombolela vinaishinda Wii?

TibaKwaVitendo_Dom

Kama kuna mtu mzima anayeyapanga kwa ajili ya yule mtoto, ndiyo, vinaweza. Rede ya kawaida mtoto wa mtindio anatolewa raundi ya kwanza, anakwenda kukaa pembeni kushika kandambili za wenzake.

Makorora_Mtoto

Hapo pa kushika kandambili umenigusa. Mimi ni mtu mzima, niko Tanga, nina mtindio wa ubongo mwenyewe, miguu yote miwili na ulimi kidogo. Naandika taratibu lakini naandika.

Niseme kitu ambacho wazazi na wataalamu hamsemi. Utoto wangu wote kila kitu kilikuwa mazoezi. Kuoga mazoezi, kula mazoezi, nikipewa mpira ujue kuna mtu anahesabu. Sikuwa na mchezo wa kwangu. Mtaani kulikuwa na banda la PS, unalipa kwa dakika, mechi mbili unampisha mwenzio. Nilikuwa nashika pedi ya gemu kwa namna yangu, naiweka mapajani, gumba moja linafanya kazi mbili. Nilifungwa mabao ya aibu. Lakini pale nilikuwa na zamu kama wengine, na watu walinitukana kama wengine. Hakuna aliyenipigia makofi kwa kuinua mkono.

Sasa mkimnunulia Ima gemu halafu mama anasimama nyuma "kulia, Ima, kulia, tumia kulia!", mtamfanya aichukie hiyo TV kama anavyokichukia kitanda cha mazoezi. Wekeni muda wa mazoezi na muda wa kucheza tu. Kwenye muda wa kucheza acheze hata kwa pua.

BintiKisauni

Makorora mwanangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Nimefanya kazi wodi za watoto Mombasa mpaka nikastaafu, na uliyosema ni kweli tupu.

Mama Ima, mie nina la kifafa, maana naona wote wamelipita. Mwaka 1997, mwezi wa Disemba, Japani kulioneshwa katuni kwenye TV yenye mwanga wa nyekundu na buluu unaomweka haraka haraka, na watoto zaidi ya 600 wakakimbizwa hospitali usiku ule. Kisa hicho ni cha kweli, si cha kutishana. Watoto wa mtindio wa ubongo karibu mmoja kati ya wanne huwa na kifafa. Wengi wao mwanga hauwadhuru, lakini wapo unaowadhuru. Basi muulize daktari wake wa kifafa kwanza, si muuza mashine. Chumba kiwe na taa, asicheze gizani. Akae mbali na TV. Asicheze akiwa hajalala vizuri au amekosa dawa. Ukiona ameduwaa, jicho linacheza, zima.

Na jengine: mtoto akilalamika nyonga inauma anapoyumba, usimwambie jikaze. Nyonga za watoto hawa huweza kutoka mahali pake taratibu pasina mtu kujua. Apigwe picha.

MamaIma_Mbagala

Asanteni sana jamani, nimesoma zote, nyingine mara mbili. Shikamoo Bi Kisauni. Kaka wa Tanga, nimekusomea kwa sauti mume wangu naye akasikia.

Swali la nyongeza. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wapo ambao watoto wao hawakai wenyewe, shingo haijakaza. Wananiuliza na sisi je?

FizioMoshi

Swali zuri na jibu lake si tamu. Wataalamu wanagawa watoto hawa ngazi tano kwa jinsi wanavyojongea, mgawanyo uliotoka Kanada 1997. Ngazi ya kwanza anatembea na kukimbia, ya tano anahitaji kubebwa na kushikiliwa kichwa. Tafiti nyingi za gemu ziliwachukua wa ngazi ya kwanza na ya pili, wa tatu kidogo. Kwa hiyo yote tuliyosema hapo juu ni ya akina Ima zaidi.

Kwa mtoto wa ngazi ya nne na ya tano lengo linabadilika. Akae kwenye kiti kinachomshika kiuno na kifua, apewe kitufe kimoja kikubwa ambacho kiganja, kiwiko au hata kichwa kinakifikia, na kwenye TV jambo litokee kila anapokibonyeza. Anajifunza kwamba yeye anaweza kusababisha kitu. Usiseme mkono umepona, ila usilidharau hilo pia.

Na hao ndio tunaowapoteza. Uganda walihesabu watoto mlango kwa mlango wilaya za Iganga na Mayuge, matokeo yakatoka 2017: kama watoto 3 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, juu kidogo ya nchi tajiri. Ila kadiri umri unavyopanda, wenye hali kali wanakuwa wachache. Hawakupona. Kwa akina mama hao, kumlisha vizuri bila kupaliwa na kumkalisha vizuri kunakuja kabla ya gemu yoyote.

Mnyakyusa_Toronto

Nimechelewa huu uzi, huku ndiyo asubuhi. Nafanya usafi wa wodi kwenye hospitali za huku, si mtaalamu, lakini mtoto wa dada yangu anatibiwa Holland Bloorview, hospitali ya watoto wenye ulemavu hapa Toronto. Wao walichoka na gemu za dukani, wakatengeneza za kwao. Sababu waliyotueleza ni rahisi: gemu ya dukani imetengenezwa kwa mtoto mzima. Inakwenda kasi, ukikosa inakuzomea, na haikuulizi mkono gani. Ya kwao inaitwa Bootle Blast, inatumia kamera, mtaalamu anaweka mkono gani uhesabiwe na ugumu kiasi gani, halafu mtoto anaenda kucheza nyumbani.

Nyumbani ndiko mziki uliko. Wiki za mwanzo mtoto alikuwa haambiliki aache, baadaye ikawa kumkumbusha acheze, baadaye kumbembeleza.

TibaKwaVitendo_Dom

Hilo limepimwa pia. Kuna programu ya mtandaoni inaitwa Mitii, ilianzia Denmark, Waaustralia wakaijaribu kwa watoto walioathirika upande mmoja. Lengo lilikuwa nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 20, yaani saa 60. Wastani waliofikisha ni kama nusu yake tu. Na hao walikuwa na kompyuta, intaneti na umeme usiokatika.

MzeeWaKibaha

Marahaba wote. Nimesoma, sijasema kitu.

FundiGemu_Kkoo

Nimetajwa? Sijatajwa lakini najileta. Niko Kariakoo, natengeneza PS, Xbox na makorokoro yote. Mama Ima, usitoe hela bado. Mambo ya kujua kuhusu hiyo Wii:

Wii imeacha kutengenezwa tangu 2013, na Kinect tangu 2017. Kila unachokiona ni mtumba, vipuri navyo ni mtumba. Kinect ndiyo usiifikirie kwa chumba kimoja cha kupanga: inataka mtu asimame kama mita mbili kutoka kwenye kamera, na pasiwe na kitanda katikati.

Wii ina nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Geuza TV yako uangalie nyuma kama hayo matundu yapo, TV nyingi mpya hazina. Diski zake zinafuata sehemu ya dunia mashine ilikotoka: mashine ya Ulaya haisomi diski ya Marekani wala ya Japani. Na ule ubao wa Wii Fit unauzwa peke yake, muulize kama upo, maana bila ubao unabaki na rimoti tu.

Na kubwa kuliko yote, geuza ile adapta ya umeme usome palipoandikwa INPUT. Nitumie picha.

MamaIma_Mbagala

Nimekwenda kuangalia sasa hivi, ni hapa jirani. Ubao haupo. Adapta imeandikwa AC100V halafu maandishi kama ya Kichina.

FundiGemu_Kkoo

Hayo ni ya Kijapani. Adapta ya volti 100, ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa 230 itatoa moshi kabla Ima hajashika rimoti. Inaweza kutumia kipunguza umeme, lakini hata ukikipata, menyu yote itakuwa ya Kijapani na diski za Kijapani utazipata wapi Mbagala? Mwachie. Mwambie asante jirani, nitakuja siku nyingine.

Una simu ya kupangusa? Simu za sasa hivi zenye kamera nzuri kidogo kuna programu zinazoufuata mwili: zinaweka alama kwenye bega, kiwiko, kiganja, nyonga, goti. Ile ya Google ina alama 33 na hesabu yote inafanyika ndani ya simu, haili bando ikishashuka. Kuna vigemu vinatumia hiyo. Siahidi kila simu itaweza, nyingine zinachemka na kukwama.

FizioMoshi

Fundi, Mungu akubariki, umeokoa hela ya nauli ya miezi.

Mama Ima, kabla hatujaenda kwenye simu. Umeshatuambia wewe unataka nini. Ima mwenyewe anataka nini? Mwongozo wa kimataifa uliotoka 2022 kwa watoto hawa unaanzia hapo hapo: lengo alichague mtoto na familia, halafu afanyie mazoezi jambo lenyewe, mahali penyewe. Muulize kesho asubuhi akiwa na furaha. Usimpe majibu.

MamaIma_Mbagala

Nimemuuliza wakati anakunywa chai. Kanijibu bila kufikiri: anataka kuendesha baiskeli ya binamu yake, usukani ashike mikono miwili, mdogo wake Neema akae nyuma. Mimi nilidhani atasema kuandika.

FizioMoshi

Basi tuna kazi nzuri na haihitaji Wii.

Chukua mfuniko wa ndoo ya lita 20, ule mgumu wa plastiki. Simu ibandike katikati kwa utepe wa gundi au ifunge kwa mipira ya hela. Weka gemu ya magari inayoongozwa kwa kuinamisha simu kushoto na kulia, zipo nyingi za bure. Mfuniko ndio usukani. Ima akae kwenye kiti ambacho nyayo zote mbili zinagusa sakafu, kisigino cha kulia kiwe chini, magoti yasibane. Ashike mfuniko huku na huku, viwiko visiegemee mwili. Mkono wa kulia ukiachia, mfuniko unainama na gari linaingia ukutani. Huna haja ya kusema "kulia, kulia". Gari litamwambia.

Ukingo wa mfuniko ni mwembamba, kwa mkono unaokaza utamponyoka. Upande wa kulia zungushia mpira wa tairi la ndani la baiskeli mpaka unene. Gumba lake ulitoe nje ya ngumi kwa upole kabla hajashika: usivute ncha ya gumba, shika pale chini ya gumba kwenye nyama, subiri lilegee lenyewe.

Anza kwa muda mfupi, kama wa kuchemsha chai, halafu apumzike. Mkono ukianza kukaza zaidi au bega likapanda kuelekea sikioni, amechoka, muishie hapo hata kama hajamaliza mbio. Taa iwake. Na daktari wa kifafa kwanza, Bi Kisauni amesema.

Halafu, na hili usiliache, kila mkimaliza mpeleke kwenye baiskeli yenyewe. Isimame tu, stendi chini au umeishikilia wewe, ashike usukani mikono miwili huku anakusimulia mbio zake. Umesikia habari ya Cape Town: asipoigusa baiskeli atakuwa bingwa wa mfuniko.

BabaNjeri_Kayole

Hii ya mfuniko naiba leo. Njeri yangu atauliza kama yake itakuwa pink.

Makorora_Mtoto

Na usiku mwache acheze ile gemu kwa mkono wa kushoto, amelala, bila mfuniko. Iwe yake.

MamaIma_Mbagala

Wakuu, nimerudi na taarifa. Daktari karuhusu, kasema nisimruhusu akiwa na homa au hajalala. Mfuniko tumetengeneza na baba yake, mpira wa tairi tumeupata kwa fundi baiskeli bure.

Siku ya kwanza alijaribu ujanja mara moja: kaubana mfuniko kwa tumbo na kiwiko cha kulia, akaongoza kwa kushoto peke yake. Nikaukumbuka ukuta wa Baba Njeri. Nimeweka mto tumboni kwake, mfuniko haufiki tena. Sasa anashika. Vidole vinateleza, anavirudisha mwenyewe, anagonga ukuta, anacheka. Uvunguni hajaingia.

Tatizo jipya ni Neema. Ana miaka minne, naye anadai zamu, asipopewa nyumba nzima hailali. Nimpe au ni mazoezi ya Ima peke yake?

FizioMoshi

Mpe. Neema akicheza Ima anapumzisha mkono, na akimwona dada mtu anagonga ukuta kila kona atataka zamu yake irudi haraka.

MamaIma_Mbagala

Ni mdogo wake, si dada mtu. Na hagongi, anamshinda.

Makorora_Mtoto

Hahaha, Ima karibu kwenye chama.